Ringi ya Plastiki Njiani Kwenda Bugomora

Wenzangu wa kwaya, tangu nirudi kila mmoja wenu ananishika mkono mlangoni mwa kanisa na kuniuliza kulikoni. Mmoja nimemsimulia habari za fundi, mwingine habari za kizuizini, na sasa nasikia mtaani kwamba Editha alipigana na askari. Sikupigana na mtu. Basi nimeamua kuandika yote, mpokezane hili daftari, na mkishamaliza mniache nishone nguo za watu.

Baba mnamjua, Mzee Anselmi, amekaa kwangu hapa Kayanga tangu alipoanguka kutoka mtini akitundika mzinga wa nyuki. Miguu haikurudi. Hospitali walimpa kiti cha magurudumu kilichotoka ng'ambo, na ringi za magurudumu yake makubwa si za chuma na hazina spoki. Ni plastiki ya kijivu, nene, ukiigonga inalia kama ndoo. Mtaalamu aliyetukabidhi alinieleza mara mbili: tairi la kiti hiki halitolewi kama la baiskeli. Chuma kisiguse ringi na moto usikaribie, kwa sababu plastiki ikipasuka hainyooshwi wala haichomelewi, na ringi nyingine hatujui itapatikana wapi. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, huku akili yangu iko kwenye gauni la harusi nililoliacha chini ya sindano.

Halafu ukaja ujumbe kutoka nyumbani Bugomora. Baba mdogo Ladislaus, mdogo wake Baba wa tumbo moja, ameita wazee wa ukoo Jumamosi saa nane mchana, kibanja chetu, shamba na nyumba, kijadiliwe. Hoja yake ni kwamba mwenye kibanja hana miguu wala hana mtoto wa kiume, kwa hiyo migomba na kahawa visimamiwe na yeye. Katika ukoo wetu ubishi wa namna hiyo humalizwa kwa njia moja tu. Mwenye kibanja anauzunguka mpaka wake mbele ya wazee, na kila penye muramula, ule mti wa majani marefu unaopandwa mpakani, anaugusa kwa mkono wake na kutaja nani aliupanda. Asipozunguka mwenyewe, hakuna anayezungumza kwa niaba yake. Mama yuko pale peke yake, na mtoto ni mimi. Baba asipotokea, Mama angekuwa anapika katika nyumba yake mwenyewe kwa hisani ya shemeji.

Nilimshauri Baba tuandike barua, tuombe miezi miwili, mvua ipungue. Akakataa. Akasema lazima aiguse ile miti mwenyewe, tena Jumamosi hiyo hiyo. Nikamwambia ana kichwa kigumu, akasema mimi nimekirithi.

Kayanga hadi Omurushaka

Ni mwendo mfupi, mnaujua. Alhamisi asubuhi tulipata pikapu iliyobeba mbao, Baba akakaa mbele na dereva, mimi nyuma na kiti. Nilikishikilia njia nzima, nikajisifu moyoni kwamba mzigo wangu umetulia. Kumbe kwenye ubao wa chini kulikuwa na msumari, na gurudumu la kulia lilikuwa linautafuna taratibu. Tulipomshusha Baba pale Omurushaka na kumkalisha, kiti kiliinama upande mmoja, na Baba akainama nacho.

Fundi baiskeli alikuwa hatua chache kutoka tulipoteremka, chini ya bati lake, kijana mchangamfu mwenye maneno mengi. Alilizunguka gurudumu akilishangaa, akalibisha hodi kwa kidole, akauliza kama ni la mtoto kuchezea. Nikamwambia tuna haraka, lori la kwenda Kamuli linaondoka kesho alfajiri na hatujui pa kulala. Akasema dakika kumi tu.

Hapa ndipo mnipige. Nilikuwa nimesimama pale pale, namtazama kwa macho yangu mawili akichukua mipini miwili ya vijiko iliyopondwa bapa, vile vijiko wanavyotolea tairi mafundi wote wa baiskeli, akachomeka kimoja kati ya tairi na ringi, na mimi sikusema neno. Nilikuwa nampigia hesabu za chakula Baba. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti. Nilipoinama kutazama, ukingo wa ringi ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha, na kutoka hapo ufa mwembamba umeanza kuelekea ndani.

Fundi hakuona tatizo. Kwenye baiskeli ukingo ukipinda unagongwa unarudi. Tairi lilishatoka, tyubu ameshaipiga msasa na kuipaka gundi, na sasa alikuwa anawasha kibati cha mafuta ya taa apashe kiraka moto pale pale, tyubu ikiwa bado imening'inia kwenye valvu na ringi iko shubiri moja kutoka kwenye moto. Hapo maneno ya mtaalamu yalinirudia yote kwa pamoja. Nilimpiga kofi mkononi, kibati kikaruka, mafuta yakamwagika kwenye kanga yangu. Watu wakajaa. Hiyo ndiyo vita mliyoisikia, na aliyepigana na mimi ni kibati.

Fundi alinuna, na alikuwa na haki ya kununa, maana mwenye kujua habari za plastiki nilikuwa mimi. Alibandika kiraka baridi, akarudisha tairi kwa vijiko vyake vile vile, akajaza upepo. Likasimama. Baba akaomba asogezwe karibu, akapitisha ukucha juu ya ufa, akauliza kama litafika.

Nikamwambia litafika. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Omurushaka hadi Kamuli

Tulilala kwa binamu wa mmoja wenu, nisimtaje, kunguni wake ananidai damu. Ijumaa tukapanda lori la kahawa. Kiti nilikipakata mapajani kama mtoto, magurudumu juu, na kila bonde nililiona kwanza kwa tumbo. Nilikuwa naangalia ule ufa tu. Kuna mama mmoja alinionea huruma akanigawia ndizi za kuchoma, nikazila bila kuondoa macho kwenye ringi, mpaka akadhani nina wazimu kidogo, akaanza kuzungumza na Baba.

Kabla ya saa sita lori likavunjika springi tukiwa Kamuli. Dereva akalala chini yake, utingo akatafuta jiwe, na abiria wenye akili wakaanza kutembea. Nikamkalisha Baba kwenye kiti, nikasukuma hatua ishirini, tairi la kulia likatoa upepo wote kwa pumzi moja.

Nilikaa chini barabarani nikalia. Nasema ukweli, nililia kwa sauti, mwanamke mzima mwenye cherehani yangu. Baba akaniacha nilie, kisha akanionyesha nyumba ya bati juu ya barabara, yenye mibuni mbele.

Wenye nyumba walitupokea vizuri. Walimletea Baba kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, wakamwuliza habari za ukoo wake hadi wakapata mtu wanayefahamiana, ndiyo adabu yetu. Lakini zana walizokuwa nazo za kutolea tairi ni panga, bisibisi na vijiko vya chuma. Kila walichonionyesha nilitikisa kichwa. Mwenye nyumba alianza kuniona mgeni asiye na shukrani, akaniuliza kwa upole kama nataka litolewe kwa maombi.

Aliyetuokoa ni mfanyakazi wao, Mama Konsolata, Mrundi, aliyekuwa anapalilia mibuni na anaishi kwenye kibanda mwisho wa shamba. Alikuwa amesimama kando na jembe lake akisikiliza. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha mkato, chuma hapana? Nikasema chuma hapana, moto hapana. Akaondoka bila kuaga, akarudi na mwiko wa kusongea ugali, mrefu, uliolainika kwa miaka ya kazi, na karai la maji ya sabuni. Sisi huku ndizi zinachemshwa na kupondwa kidogo, mwiko wa namna ile nyumba nyingi hazina. Wao wanasonga ugali wa muhogo kila siku.

Alipolijaza gurudumu upepo kwa pampu ya baiskeli ya mwenye nyumba na kulitia kwenye karai nikamfokea. Nilidhani anataka kuliosha, na mimi nimechoka, na nisifiche, nilishamweka katika kundi la watu wasiojua mambo kwa sababu tu anapalilia mashamba ya wengine. Kumbe alikuwa anatafuta mahali tyubu inapotoa viputo. Viputo vikatoka mahali pawili, pamekaa sambamba kama macho. Vile vijiko vya fundi vilikuwa vimeibana tyubu kwenye ringi na kuitoboa, na kila hatua tuliyokwenda matundu yalizidi kufunguka. Akanitazama tu. Nikaona aibu, nikapiga magoti tufanye wote.

Sasa sikilizeni, maana hili nimelijua kwa mikono yangu. Upepo unatolewa wote, hakuna kuubakiza. Kisha unalikanda tairi kwa vidole gumba kulizunguka lote, upande huu na upande ule, mpaka kingo zake zibanduke kwenye ringi na kuangukia katikati, kwenye ule mfereji. Tairi lililokuwa limebana linalegea lenyewe. Unapaka sabuni. Unaanza mbali na valvu, na mbali na ufa kama unao, unaingiza ncha ya mti kidogo tu, unainua bila kukandamiza ringi, na ukiona pagumu hutumii nguvu, unarudi kulikanda upya. Mama Konsolata alifanya hivyo kama mtu anayemvua mtoto mgonjwa nguo. Tairi likatoka, na ufa haukuongezeka hata unywele.

Mwenye nyumba akatoa gundi na viraka, tukayaziba matundu yote mawili. Kurudisha alinifanya nirudishe mimi. Tyubu inatiwa upepo kidogo isijikunje, unaanza upande wa pili na kumalizia kwenye valvu, na mwisho ule ni mikono mitupu. Gumba langu lilichubuka. Nilipomaliza akaisukuma valvu ndani kidogo akaiachia, kuhakikisha tyubu haikubanwa, ndipo akaniruhusu kujaza.

Tulikula kwake, ugali na maharage, na Baba alikula kuliko nilivyomwona akila tangu aanguke. Tulilala pale pale, na tulipoondoka alfajiri, Mama Konsolata alinipa mwiko wake niende nao. Nikamwambia atasongea nini. Akasema mume wake atachonga mwingine, na kwamba barabara ya Murongo ina mawe.

Kamuli hadi kizuizini

Jumamosi. Tulipata pikapu ya wafanyabiashara waliokuwa wanapeleka maharage Murongo, na kwa saa mbili mambo yalikwenda vizuri mpaka nikaogopa. Kabla ya kufika Murongo kulikuwa na kizuizi, gogo juu ya mapipa mawili. Siku zile kahawa ilikuwa inavushwa kwa siri kwenda Uganda kwa kila njia, kwenye majeneza, kwenye magodoro, na mlinzi wa zamu alikuwa ameshaona mengi. Alikagua magunia, akamkagua dereva, akafika kwenye kiti.

Akataka kujua kwa nini ringi ni nene hivyo. Nikamweleza. Akasema hajawahi kuona gurudumu la plastiki linalobeba mtu mzima, na kwamba ndani panaweza kukaa debe zima la kahawa. Akatoa kisu kikubwa kiunoni, akainama, ncha akaielekeza kati ya tairi na ringi, upande ule ule wa ufa.

Sikumpiga. Nilikaa juu ya gurudumu. Nililikalia kabisa, na sketi yangu ya kanisani, nikamwambia, "Afande, shikamoo. Nitakufungulia mwenyewe. Ukiingiza hicho kisu, baba yangu hana tena mahali pa kukaa wala mahali pa kurudi."

Alisita. Nadhani ile shikamoo ilimshtua, maana alikuwa mdogo kwangu. Akauliza nitafungulia nini. Nikatoa mwiko.

Watu walicheka, mlinzi hakucheka. Ilikuwa inaelekea saa tano. Dereva alikuwa anapiga honi. Nilitoa upepo, nikakanda, nikapaka sabuni niliyoilowesha kwa maji ya chupa, na pale pagumu nikajizuia nisilazimishe, nikarudi nikakanda tena, huku nasikia kila mtu ananihesabia dakika. Baba alikuwa amekalishwa juu ya gunia kando ya barabara, na nilipomwangalia alikuwa anasogeza vidole gumba vyake kufuata vyangu. Tairi likafunguka. Mlinzi akapitisha mkono ndani, akatoa tyubu tupu yenye viraka vitatu, akaikunja vizuri akanirudishia.

Pikapu ilikuwa imeshaondoka. Yule mlinzi, sijui kama ni aibu au nini, alinisaidia kujaza upepo kwa pampu ya baiskeli yake, na gari lililofuata alilisimamisha yeye mwenyewe akatupandisha.

Njiani kuingia Bugomora kwa miguu

Tuliteremshwa kwenye njia panda. Kutoka hapo hadi kwetu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mwenye miguu mizuri, na jua lilikuwa juu. Nilisukuma. Penye mteremko niliishika ringi kwa mkono kupunguza mwendo, penye mawe nilikigeuza kiti nikakivuta kinyumenyume. Kila baada ya kitambo nilisimama kuupima ufa kwa kidole. Ulipoanza ulikuwa nusu ya kidole changu. Sasa ulikuwa kidole kizima.

Nilimwambia Baba kwamba tukichelewa si kosa langu. Akasema hajasema ni kosa la mtu. Nikamuuliza kwa nini hakukubali barua, Mama angeonyesha mpaka, kila mtu anaujua ule mpaka. Akaniambia niangalie jiwe.

Kibanjani

Tulifika wazee wameshasimama kutaka kuondoka. Mama alikuwa mlangoni. Alipotuona aliingia ndani, akafunga mlango, akatoka baadaye uso umeoshwa. Baba mdogo Ladislaus alimsalimia kaka yake kwa heshima zote, akapiga goti, kisha akasimama na kusema waziwazi kwamba kiti hakiwezi kuzunguka kibanja. Mzee Protazi, mkubwa wa ukoo, akasema ukoo haujawahi kuuliza mtu anazunguka kwa kitu gani.

Tukaanza. Chini ya migomba kuna matandazo, majani makavu yamelala kama godoro, magurudumu yanazama. Vijana wawili walinyanyua mbele, mimi nikasukuma nyuma. Muramula wa kwanza Baba akaugusa, akataja babu. Wa pili, babu. Wa tatu, baba yake, mwaka wa njaa. Wazee wakaitikia kila mara, na baba mdogo hakuwa na la kupinga. Nilikuwa nahesabu mingapi imebaki na kusikiliza ringi. Ililia mara mbili ilipogonga mashina, nikadhani ndiyo mwisho, ikashikilia.

Tukateremka upande wa bondeni, tunapopakana na baba mdogo, kwenye ule mstari wa mibuni mizuri kuliko yote ya kwetu. Kahawa ile ndiyo iliyoninunulia cherehani, mnaijua hadithi hiyo. Mwisho wake kuna muramula mmoja umebaki. Baba akiugusa huo, tumemaliza, Mama analala kwake.

Baba aliusogelea, mkono ukawa juu, hakuugusa. Akaniambia nirudishe kiti nyuma. Nikadhani gurudumu limekwama. Akasema rudisha. Nikarudisha, kupanda juu kupita mstari mzima wa mibuni, hatua sita, saba, mpaka mahali pasipo na kitu, matandazo tu. Hapo akainama kwenye kiti mpaka nikamshika bega asianguke, akaweka kiganja chake chini kwenye udongo.

"Mpaka uko hapa," akasema. "Baba aliupanda hapa. Mwaka aliofariki, Ladislaus akiwa kibaruani Bukoba, niliung'oa asubuhi moja nikauchomeka pale chini. Mibuni hii ni yake."

Nilimtazama baba mdogo, nikitarajia atapiga kelele, na mimi mwenyewe nilikuwa nataka kupiga kelele. Yeye aliketi kwenye matandazo kama mtu aliyetua mzigo. Mzee Protazi akamwuliza ana neno gani juu ya kibanja kilichobaki. Akasema kilichobaki ni cha kaka yake na mke wake, kama kaka yake alivyokigusa, na binti yake ashonee humo akitaka.

Kisha akainuka, akaniondoa taratibu kwenye vishikio, akamsukuma kaka yake kupanda mlima. Mimi nilibaki nyuma kati ya mibuni ambayo si yetu.

Sikuzungumza na Baba siku ile wala kesho yake. Siku ya kuondoka, yeye akibaki kwa Mama, nilikaa chini kumkagulia ringi mara ya mwisho na kuwaonyesha vijana wa baba mdogo namna ya kulikanda tairi. Walipoondoka nikamuuliza kwa nini njia nzima, siku tatu, lori, vumbi, kisu cha yule mlinzi, hakuniambia tunakwenda kufanya nini.

"Ningekuambia," akasema, "ungenisukuma?"

Nimekaa na daftari hili wiki nzima, wenzangu, nimewaandikia kila kitu. Hilo tu ndilo sijamjibu.